Bomba Fupi Linalonokisha Injini: Kuchagua na Kufunga Manifoldi ya Baiskeli ya Injini

Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi na waendesha baiskeli za injini, Nyakato, Mwanza

Ndugu mafundi, ndugu waendesha baiskeli, na ninyi vijana mliokuja na injini zenu ndani ya mifuko ya sandarusi: mwangaluka!

Boksi la injini ya baiskeli likifunguliwa, kila kitu kinapata sifa yake. Tenki linasifiwa rangi, ekzosi inapulizwa kama tarumbeta, sproketi inahesabiwa meno. Kuna kitu kimoja tu kisichotazamwa mara mbili: kile kibomba kifupi, urefu wake kama kidole gumba, kinachounganisha kabureta na silinda. Kinafungwa kwa nati mbili, kinasahauliwa. Wiki tatu baadaye injini imenoki, yaani pistoni imekwama, na lawama anabebeshwa muuzaji wa petroli.

Kibomba hicho ndicho manifoldi, na leo ni zamu yake. Msimamo wetu tunauweka mezani mapema ili asiyekubaliana nao atusikilize akiwa na hasira tangu mwanzo: manifoldi nyembamba isiyovuja inaishinda manifoldi pana inayovuja, kila siku ya wiki. Kwanza izibe. Pili, kabureta ikae sawa. Upana na urefu vinakuja nyuma kabisa, ingawa ndivyo vinavyobishaniwa zaidi vijiweni.

Tuanze na kwa nini, maana asiyejua kwa nini atafunga kwa mazoea.

Injini tunazozizungumzia ni zile ndogo za mipigo miwili kutoka China, zinazouzwa kwa majina ya cc 48 na cc 80. Hiyo 80 ni ya kwenye boksi. Pima mwenyewe: kipenyo cha silinda mm 47, mwendo wa pistoni mm 38, piga hesabu, utapata cc 66. Haina valvu kichwani na haina oili chini kama pikipiki ya Boxer. Mlango wake wa kuingizia ni pistoni yenyewe. Pistoni ikipanda, ukingo wake wa chini unaachia tundu lililo nyuma ya silinda, na chumba cha krenki (ule mti unaozungushwa na pistoni) kinavuta kwa pumzi moja hewa, petroli na oili, vyote vikipitia kwenye manifoldi. Oili ya beringi za krenki, ya pini ya pistoni na ya ukuta wa silinda inapita humo humo. Njia ya pili hakuna.

Sasa weka ufa mwembamba kama unywele kati ya manifoldi na silinda. Hewa itakayoingia hapo haijapita kwenye kabureta, kwa hiyo haina petroli na haina oili. Zaidi ya hapo, mvuto uliotakiwa kuinyonya kabureta umepungua, kwa sababu krenki imepata hewa ya bure pembeni. Mchanganyiko unakuwa mkavu, moto ndani ya silinda unapanda, na oili inapungua wakati ule ule inapohitajika zaidi. Pistoni inavimba kwa joto, inakwaruza ukuta upande wa ekzosi, inakwama. Kwenye injini ya mipigo minne uvujaji kama huo unakuletea mzunguko mbovu gesi ikifungwa na plagi nyeupe, lakini oili iko chini inaendelea na kazi yake. Hapa haipo. Ndiyo maana tunaipigia kelele nati ya milimita 6.

Dalili zake zinajulikana. Ukiachia mkono wa gesi, injini inakataa kushuka. Inabaki inalia juu kwa sekunde kadhaa, au inapanda yenyewe ikishapata moto. Inataka choki hata ikiwa ya moto. Plagi inatoka nyeupe kama mfupa badala ya rangi ya chokoleti. Ukifungua gesi ghafla inasita au inakohoa kupitia kabureta. Kwa nini dalili inajionyesha zaidi gesi ikiwa imefungwa? Kwa sababu hapo hewa inayopita kwenye kabureta ni kidogo sana, kwa hiyo hata ufa mdogo unakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukifungua gesi yote ufa unamezwa, mtu anasema imepona, anaikamua mpaka Kisesa, kumbe bado inakula pistoni polepole.

Tuingie kwenye kuchagua.

Kipimo cha kwanza kabisa ni umbali kati ya stadi mbili za kwenye silinda. (Stadi tunayoisema ni ule mti wa nyuzi, siyo fundi stadi.) Silinda hizi zina umbali wa aina mbili: mm 32 na mm 40, kutoka katikati ya stadi hadi katikati ya nyingine. Nyingi za zamani ni 32. Kwa sababu huwezi kuona katikati ya stadi kwa macho, pima kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, kisha toa unene wa stadi moja. Stadi ya M6 ikikupa mm 38 nje kwa nje, yako ni 32. Ikikupa 46, ni 40. Kama stadi ni nene, M8, toa 8 badala ya 6. Rula ya shule inatosha, venia ni bora zaidi.

Msipanue matundu ya manifoldi ya 32 kwa tupa ili iingie kwenye stadi za 40. Tofauti ni mm 8, kila upande unakula mm 4, na flenji yenyewe, lile bamba lenye matundu ya stadi, haina nyama hiyo. Unabaki na masikio mawili membamba yanayopinda unapokaza, na katikati panabaki panapumua. Rudisha dukani, ubadilishiwe.

Kipimo cha pili ni mahali kabureta itakapokaa. Kwenye injini hizi tundu la kuingizia liko nyuma, kabureta inaelekea kwenye bomba la kiti. Fremu ya Phoenix au ya Swala ina nafasi ya kutosha katikati, ila zile baiskeli za kisasa zenye fremu ndogo, hasa zile zenye bomba la kiti lililolala, zinaikaba kabureta. Simamisha injini kwenye fremu kabla hujanunua manifoldi. Tazama mambo haya kwa jicho la subira: chujio la hewa lisiguse bomba la kiti, liachwe angalau sentimita moja na nusu, kwa sababu injini inatikisika na fremu haitikisiki nayo sawasawa. Juu ya kabureta pawe na nafasi ya kuchomoa slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka kwa waya wa gesi) pamoja na springi na sindano yake bila kushusha injini. Usipoiacha, kila ukitaka kubadilisha klipu ya sindano utafungua boliti za injini nzima. Waya wa gesi usipinde kama kona ya uchochoro wa Mabatini. Na paja la mpanda baiskeli lina haki yake pia: piga pedali mizunguko mitano uone kama goti halikwaruzi chujio.

Ikikaba, iko manifoldi yenye kona, inayotoa kabureta pembeni ya bomba la kiti. Hiyo ni halali. Kasoro yake ni kwamba inaongeza uzito pembeni, na uzito ukining'inia mbali na flenji unafanya kazi kama mtaimbo. Barabara zetu za vilimani ni mawe matupu. Baada ya miezi michache utaona mpasuko kwenye shingo, pale bomba linapokutana na flenji. Ukichagua ya kona, funga kabureta kwa kamba ya bati au klipu ya mpira kwenye injini yenyewe, kwenye boliti ya kichwa kwa mfano. Usiifunge kwenye fremu. Fremu na injini zinatikisika tofauti, utakuwa umeongeza tatizo.

Kikombe cha petroli cha kabureta lazima kikae wima, mdomo ukitazama juu. Boya ndani yake linafunga na kufungua petroli kwa kufuata usawa wa mafuta. Kikombe kikilala, boya linadanganyika. Likidanganyika upande mmoja petroli inamwagika chini mpaka harufu inajaa uani. Upande mwingine injini inakosa mafuta ikipanda mlima. Chukua pimamaji ndogo ya mafundi ujenzi, baiskeli ikiwa imesimama kwenye usawa, uweke juu ya kifuniko cha kikombe. Ikilala zaidi ya nyuzi 10, tafuta manifoldi nyingine au geuza kabureta kwenye shingo. Na mkumbuke mnaendesha Mwanza. Aliyepanda Isamilo au Bugando anajua kwamba baiskeli iliyokaa sawa nyumbani haikai sawa huko, kwa hiyo usianze safari ukiwa tayari umekula nyuzi zako zote.

Sasa upana. Kabureta ndogo inayokuja na injini hizi inavaa juu ya shingo yenye kipenyo cha nje cha mm 19. Vijana wengi wanataka kuvua hiyo na kuweka kabureta ya pikipiki, ya mm 22 kwa mfano, kwa kuwa inapatikana kila duka la vipuri vya bodaboda. Tufanye hesabu ya darasa la saba. Tundu la kabureta ndogo, la mm 14, lina eneo la mm za mraba 154. Tundu la mm 22 lina eneo la 380. Ni mara mbili na nusu. Hewa ile ile ya cc 66 ikipita kwenye tundu la eneo mara mbili na nusu, kasi yake inashuka mpaka asilimia 40. Na kabureta inanyonya petroli kwa kasi ya hewa, haina pampu. Matokeo: kuwaka ni shida, kuondoka ni shida, na ukifungua gesi ghafla inazama kama jiwe. Ikishakimbia sana inachangamka, hilo ni kweli, lakini nani anakimbia sana kutoka Buzuruga hadi Igoma saa kumi na moja jioni? Kwa anayebeba mzigo, bakini na kabureta ndogo. Mwenye hamu ya mashindano aishie mm 16 au 18, na manifoldi yake ilingane na kabureta ndani, bila ngazi.

Hiyo ngazi ina maelezo yake. Hewa inatoka kwenye kabureta, inapita manifoldi, inaingia tundu la silinda. Kama tundu la manifoldi ni pana kuliko la silinda, hewa inagonga ukuta wa silinda uso kwa uso. Kama manifoldi ni nyembamba kidogo kuliko tundu la silinda, hewa inashuka tu kutoka nyembamba kwenda pana; hasara ipo, ni ndogo. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, paka kalamu ya wino kwenye flenji ya silinda, bandika manifoldi, chora ukingo wa ndani kwa sindano, kisha kata palipozidi kwa tupa ya mviringo taratibu. Ukifanya hivyo kwenye silinda, ivue kabisa kutoka kwenye injini. Chembe moja ya chuma ikianguka kwenye krenki inatosha kuua beringi. Na gaskiti, ile karatasi ya kuzibia kati ya flenji na silinda, pia ilinganishwe. Gaskiti nyingi za kwenye boksi zina tundu dogo kuliko manifoldi, mdomo wa karatasi unabaki ndani ukipeperuka na petroli.

Urefu tutaupitia haraka. Fupi inaitikia gesi haraka na inafaa mbio. Ndefu inasaidia nguvu ya chini, na pia inahifadhi ule mchanganyiko unaorudishwa nyuma. Injini inayofunguliwa na pistoni ina tabia ya kutema: pistoni inaposhuka kabla tundu halijafungwa, sehemu ya petroli inarudi kwenye kabureta na kulowesha chujio. Mafundi wa injini za mitumbwi hapo Mwaloni watasema wao hawana shida hiyo, na ni kweli, kwa sababu injini zao zina ridi, vile vibati vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Zipo manifoldi za ridi za baiskeli. Zinaondoa kutema, lakini faida ya nguvu haiji kwa kuibandika tu: pistoni bado inafunga tundu kwa ratiba yake, mpaka itobolewe madirisha upande wa kuingizia. Asiyekuwa tayari kutoboa pistoni asitegemee muujiza.

Kuhusu madini: ya aluminiamu iliyomiminwa na ya chuma kilichochomelewa, zote zinafaa. Ukichongesha kwa fundi wa kuchomelea, flenji ya chuma isiwe chini ya mm 6, na ujue kwa hakika kwamba joto la kuchomelea limeipinda. Siyo labda. Imepinda. Inyooshwe baada ya kuchomelea, kwa namna tunayoieleza sasa hivi.

Kufunga ndiko kunakohitaji mikono safi.

Anza na uso wa flenji. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, uweke juu yake msasa namba 240, matone machache ya mafuta ya taa. Paka flenji yote kwa kalamu ya wino. Isugue juu ya msasa kwa mwendo wa namba nane, ukibonyeza katikati na siyo pembeni, mara kumi, kisha itazame. Wino uliobaki ndio bonde. Endelea mpaka wino wote uondoke, umalizie na namba 400. Manifoldi mpya kabisa kutoka kwenye boksi mara nyingi inabakiza wino katikati, karibu na tundu, pale pale pasipotakiwa kuvuja. Uso wa silinda nao utazame kwa kuuwekea rula ya chuma dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga chini ya rula, silinda ivuliwe, stadi zitolewe kwa kufunga nati mbili moja juu ya nyingine, uso usuguliwe vivyo hivyo.

Gaskiti ikatwe kutoka karatasi halisi ya gaskiti, unene nusu milimita hadi moja. Paka oili nyembamba kwenye flenji, igandamize juu ya karatasi, itaacha alama. Kata kwa wembe, matundu yapigwe kwa bomba lenye makali. Boksi la maji ya chupa siyo gaskiti. Linanyonya petroli, linalainika, siku ya tatu limegeuka uji. Vilevile silikoni ya kawaida, iwe nyekundu iwe nyeusi: petroli inaivimbisha na kuilegeza, na kile kinachochuruzika upande wa ndani kinaingia kwenye krenki. Tunajua wengi mnaipaka kama siagi kwenye mkate. Flenji ikiwa bapa na karatasi ikiwa nzuri, haihitajiki. Karatasi kavu, basi.

Baiskeli inayosimama mara kwa mara juani inafaidika na kizuizi cha joto, kile kipande cheusi cha bakelaiti cha mm 5 hadi 8. Bila hicho, injini ikizimwa joto la silinda linapanda mpaka kwenye kabureta, petroli inachemka kikombeni, na kuwasha tena baada ya dakika tano inakuwa vita. Mpangilio ni huu: silinda, gaskiti, kizuizi, gaskiti nyingine, manifoldi, washa, nati. Gaskiti ziwe mbili. Stadi nazo ziwe ndefu zaidi kwa unene wa kizuizi pamoja na gaskiti ya ziada. Nati iliyoshika nyuzi tatu tu haijashika.

Kabla ya kukaza, jaribu stadi kwa vidole. Zile za kwenye boksi ni chuma laini na zinakatika. Stadi ya M6 iingie kwenye aluminiamu angalau mm 10, na tone la gundi ya nyuzi lisaidie kuishika. Nati za M6 zinakazwa kwa spana namba 10, kwa zamu: robo mzunguko huku, robo kule. Mwenye spana ya kupimia akaze Nm 8. Asiyekuwa nayo ashike spana fupi karibu na kichwa chake, kwa vidole vitatu, akaze mpaka washa ya springi ilale bapa, kisha kidogo tu. Atakayeongeza bomba kwenye spana atakata nyuzi za silinda, na hapo tunaongea habari ya kuchonga upya.

Maungio ya pili, kati ya manifoldi na kabureta, yanavuja kuliko hata ya kwanza, na hakuna anayeyatazama. Mdomo wa kabureta hii ndogo umepasuliwa mkato ili klipu iweze kuubana. Shingo ya manifoldi isipoingia mpaka mwisho, sehemu ya mkato inabaki wazi, na hewa inapita hapo bila kupiga hodi. Pima kina cha mdomo kwa kijiti, pima urefu wa shingo, linganisha. Shingo ifunike mkato wote. Weka oringi ndogo ya kustahimili petroli chini kabisa ya mdomo, ili ncha ya shingo iikalie. Kisha bana klipu, polepole, kwa kuwa sikio la kabureta ni madini laini na likivunjika halichomelewi. Wanaofungia utepe mweupe wa mafundi bomba wamejiokoa kwa safari moja ya kurudi nyumbani. Usiwe mpango wa mwaka.

Wengine wanaunganisha kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya. Mpira wa tyubu hauvumilii petroli. Unavimba, unakuwa laini kama ulimi wa ng'ombe, unachomoka njiani. Ukitaka kuunganisha kwa mpira, tumia hosi ya petroli yenye kuta nene na klipu mbili za skrubu.

Sasa tujue kama imeziba. Njia ya uani: washa injini, iache ipate moto kidogo, ikiwa inazunguka taratibu pitisha brashi yenye maji ya sabuni kuzunguka flenji na mdomo wa kabureta. Mlio ukibadilika, umepata ufa. Wapo wanaopuliza petroli. Acheni. Silinda ya moto na petroli ya kupuliza ni njia ya kuunguza uwanja wa mama wa watu.

Njia ya hakika ni pampu. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira na bati lililofungwa kwenye stadi zake. Plagi ibaki mahali pake. Vua kabureta, kwenye shingo ya manifoldi vika hosi iliyochomekwa nozeli ya tyubu na kubanwa kwa klipu. Zungusha injini mpaka pistoni iwe juu, ili tundu la kuingizia lifunguke na hewa ifike kwenye krenki. Pampu ya baiskeli yenye geji ipige mpaka psi 6, isizidi hapo, utasukuma sili za krenki (zile pete za mpira zinazozuia hewa kupita kwenye mti wake) kutoka mahali pake. Paka sabuni kila mahali: flenji, gaskiti ya chini ya silinda, maungio ya vipande viwili vya krenkikesi, na sili nyuma ya magneto. Mshale wa geji ukikaa kwa dakika kadhaa, injini imeziba. Ukishuka, povu litakuonyesha. Uzuri wa njia hii ni kwamba inaacha kuisingizia manifoldi: mara nyingi manifoldi iko salama na povu linachemka kwenye sili ya upande wa magneto. Mdomo wa kabureta wenyewe haujapimwa hapo, kwa hiyo huo ukishafungwa mpitishie brashi.

Imeziba? Basi mchanganyiko wako umebadilika. Aliyekuwa ameweka jeti kubwa (kile kitundu cha ndani ya kabureta kinachopimia petroli) ili kutibu ukavu uliotokana na ufa, sasa ana injini inayobwabwaja na kutoa moshi. Rudisha jeti ya awali kwanza. Halafu kumbuka tuko juu: Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Jeti iliyopangwa kwa ajili ya pwani ikija hapa inakuwa na petroli iliyozidi kidogo, haina madhara makubwa. Kinyume chake ndicho hatari: aliyebana jeti yake hapa mpaka ikawa tamu, akaipeleka injini pwani, ameipeleka kwenye ukavu.

Kusoma plagi: funga plagi safi, NGK B6HS inafaa, pengo mm 0.6. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari mengi, fungua gesi yote kwa nusu kilomita, kisha kwa wakati mmoja bana klachi na uzime kwa swichi, bila kuiacha izunguke taratibu. Fungua plagi. Chokoleti ni sawa. Nyeupe, acha kuendesha, tafuta ufa au ongeza jeti. Nyeusi yenye unyevu, punguza. Kwa katikati ya gesi, tumia klipu ya sindano: klipu ikipanda kijino kimoja, sindano inashuka na petroli inapungua, klipu ikishuka, petroli inaongezeka. Kijino kimoja kwa wakati mmoja.

Neno moja kuhusu oili, kwa sababu tuko kando ya Ziwa na oili ya mitumbwi ipo kila kona ya Kirumba. Oili iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Injini yako inapozwa na upepo na inachemka kuliko ile. Nunua iliyoandikwa JASO FC au FD, au API TC. Na kipimo cha wavuvi cha 50 kwa 1, yaani ml 20 kwa lita, ni kidogo mno hapa. Injini mpya ianze na 16 kwa 1, karibu ml 63 kwa lita, kwa tenki chache za mwanzo. Baada ya hapo ml 40 hadi 50 kwa lita. Bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano, linapima vizuri kuliko kifuniko cha soda. Ila mjue pia kwamba kuongeza oili kunapunguza nafasi ya petroli kwenye jeti, kwa hiyo mwenye ufa anayejaribu kujiokoa kwa oili nyingi anaukausha moto zaidi.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa kabisa, rudia nati zile mbili. Gaskiti mpya inalala, nati zinalegea. Rudia tena baada ya kilomita 50, kisha kila mwezi mmoja, pamoja na klipu ya kabureta. Ukikuta nati ileile inalegea kila mara, usiendelee kuikaza: vua, tazama flenji, mojawapo ya stadi itakuwa inavutika kutoka kwenye silinda.

Kwenye ile meza ya mbao kuna silinda mbili za 32 na moja ya 40, kioo, msasa, na pampu yenye geji. Mliokuja na injini, zivueni kabureta sasa hivi. Tutaanza na ile nyekundu iliyofungwa kwa tyubu.